Mshahara Uliokwisha Katwa Kodi India Haugeuki Ada ya Huduma kwa Kuvuka Mpaka

Tangu Aprili 1, 2026, India inatumia Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2025, na kifungu cha 195 kilichowatoa jasho wahasibu wa makampuni ya kigeni kwa miongo kadhaa hakipo tena kwa namba hiyo. Makato ya mishahara, yaliyokuwa kifungu cha 192, yamehamia kifungu cha 392. Makato ya malipo kwa wasio wakaazi yamo kwenye majedwali ya kifungu cha 393. Mabadiliko hayo, pamoja na mfululizo wa hukumu zilizowapa ushindi walipakodi kuanzia 2022, yamejenga imani kwamba suala la kampuni ya India kuirudishia kampuni mama ya nje mshahara wa mfanyakazi aliyeazimwa limekwisha: lipa, usikate kodi ya zuio, andika kwenye hati ya benki kwamba ni marejesho ya gharama, kazi iendelee. Imani hiyo ina hatari kubwa. Sheria mpya imebadilisha namba na mpangilio. Maana ya ada ya huduma za kiufundi, jina ambalo mamlaka huyapa marejesho haya ili yakatwe kodi, imehamishwa bila kuguswa kiini chake. Na hukumu zinazosifiwa ziliamuliwa kwa ushahidi wa nani alikuwa mwajiri, si kwa neno lililoandikwa kwenye ankara.

Msimamo wangu ni huu. Fedha ambazo tayari zimekatwa kodi ya mshahara ndani ya India, kwa ukamilifu wake, hazipaswi kukatwa kodi ya zuio kwa mara ya pili eti kwa sababu zilipitia akaunti ya kampuni ya London au Arkansas kabla ya kumfikia mfanyakazi. Lakini haki hiyo haiji yenyewe. Kampuni inayoitaka lazima iwe mwajiri kweli, kwa matendo na kwa karatasi, na iwe na ushahidi huo kabla ya malipo ya kwanza kutoka. Nitatumia namba za vifungu, kanuni na fomu za sheria ya 1961, kwa kuwa mashauri yote yaliyoko mezani leo yanahusu miaka iliyotawaliwa na sheria hiyo.

Tuanze na jinsi mpango wenyewe unavyokwenda. Kampuni ya nje ina kampuni tanzu India, mara nyingi kituo cha kazi za teknolojia, uhasibu au uhandisi kilichoko Bengaluru, Hyderabad au Pune. Inamtuma mhandisi au meneja kwa miaka miwili au mitatu. Mtu huyo ana mkopo wa nyumba kwao, ana mfuko wa pensheni, ana hifadhi ya jamii asiyotaka ikatike. Marekani, kwa mfano, haina mkataba wa hifadhi ya jamii na India, kwa hiyo kumtoa kabisa kwenye orodha ya mishahara ya nyumbani ni kumharibia miaka ya michango. Ndiyo maana mshahara wake unaendelea kulipwa na kampuni mama, wote au sehemu, kwa fedha za kwao. Kampuni ya India inakata kodi ya mshahara chini ya kifungu cha 192 kwa mshahara wote, pamoja na ule uliolipwa nje, inaiwasilisha serikalini ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, inaiandika kwenye ritani ya robo mwaka ya Fomu 24Q na kumpa mfanyakazi Fomu 16, cheti cha kodi iliyokatwa, mwisho wa mwaka. Kisha kampuni mama inatuma hati ya madai, na kampuni ya India inarudisha kiasi kilekile, senti kwa senti. Ni malipo haya ya mwisho ndiyo yanayogombaniwa. Mamlaka ya kodi inasema: hapa umemlipa asiye mkaazi kwa kukupa wataalamu wake, basi ungekata kodi chini ya kifungu cha 195.

Tuweke tarakimu ili uzito wa jambo uonekane. Chukua mshahara wa rupia milioni 10 kwa mwaka. Kwa viwango vya mfumo mpya wa kodi wa mwaka wa fedha 2025/26, baada ya punguzo la kawaida la rupia 75,000, kodi kwa madaraja ni rupia 2,557,500. Ongeza tozo ya ziada ya asilimia 10 kwa wenye kipato cha zaidi ya milioni 5, kisha tozo ya afya na elimu ya asilimia 4, unafika takriban rupia milioni 2.93. Hiyo imeshalipwa. Sasa afisa akiamua kwamba zile milioni 10 zilizorudishwa kwa kampuni mama ni ada ya huduma za kiufundi, kiwango cha sheria ya ndani ni asilimia 20, kilichopandishwa kutoka asilimia 10 na Sheria ya Fedha ya 2023. Kwa nchi nyingi zenye mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili kinashuka hadi asilimia 10. Tuseme ni 10: rupia milioni 1. Kama shauri limefufuka baada ya miaka minne, riba ya asilimia 1 kwa mwezi chini ya kifungu cha 201(1A) ni karibu rupia 480,000. Halafu kifungu cha 40(a)(i) kinakataa gharama yote ya milioni 10 isitolewe kwenye hesabu ya faida hadi kodi ikatwe na kulipwa. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 25.168, hiyo ni kodi ya rupia milioni 2.52. Jumla inakaribia milioni 4, na bado faini ya kifungu cha 271C, inayoweza kulingana na kodi yenyewe ambayo haikukatwa, haijahesabiwa. Yote haya juu ya mshahara mmoja ambao serikali ilishachukua karibu milioni 3.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye vitabu vya India. Kampuni mama ikikatwa kodi ya zuio hapa, inatarajiwa kudai unafuu kwao. Lakini kwao mpango huu hauna faida: imepokea milioni 10 na imelipa mshahara wa milioni 10. Nchi nyingi hutoa unafuu wa kodi ya nje kwa kiasi cha kodi ya ndani inayoangukia mapato hayohayo, na mapato halisi yakiwa sifuri, unafuu nao ni sifuri. Basi kodi hiyo inakwama, na kwa kuwa mikataba mingi ya ndani ya kundi inasema kampuni mama isipungukiwe, kampuni ya India inaibeba mwenyewe. Kifungu cha 195A kinaitaka ikuze hesabu: ili milioni 10 zifike nje zikiwa kamili baada ya asilimia 10, msingi unakuwa rupia 11,111,111 na kodi rupia 1,111,111.

Sasa sheria yenyewe. Maana ya ada ya huduma za kiufundi, katika Maelezo ya 2 ya kifungu cha 9(1)(vii), inajumuisha malipo kwa huduma za uongozi, ufundi au ushauri, na inataja wazi utoaji wa wataalamu au watumishi wengine. Hapo ndipo mamlaka inaposimamia. Maelezo hayohayo yanaondoa malipo ambayo kwa mpokeaji yangekuwa mapato ya mshahara. Hapo ndipo walipakodi wanaposimamia. Mamlaka inajibu kwamba mpokeaji ni kampuni, na kampuni haiwezi kuwa na mapato ya mshahara. Mlipakodi anajibu kwamba kampuni imepokea kwa niaba tu, mwenye mapato ni mfanyakazi. Ukiutazama ubishi huu kwa utulivu utaona kwamba hauwezi kumalizwa na maneno ya kifungu. Unamalizwa na swali moja la ukweli: mfanyakazi huyu, katika muda aliokuwa India, alikuwa mtumishi wa nani? Akiwa wa kampuni ya India, fedha zilizorudishwa ni mshahara ambao kampuni hiyo ilikuwa inadaiwa na mtumishi wake, na kampuni mama ilikuwa imeutanguliza tu. Akiwa wa kampuni mama, basi kampuni ya India imenunua huduma, na bei ya huduma hiyo ni mshahara.

Mahakama Kuu ya Delhi ilichukua njia ya pili mwaka 2014 katika shauri la Centrica India Offshore. Kundi la Centrica la Uingereza lilikuwa limekabidhi kazi zake za nyuma ya pazia, kama ankara za wateja na ukusanyaji wa madeni, kwa wakandarasi wa India, na kampuni tanzu ya India iliundwa kusimamia uhusiano huo. Wafanyakazi waliletwa kwa muda kuhakikisha mambo yanakwenda kwa taratibu za kundi. Mahakama iliona kwamba ajira yao ya asili haikukatika, kwamba kampuni ya India isingeweza kuwafukuza kazi bali kuwarudisha tu walikotoka, na kwamba hawakuwa na haki ya kuidai kampuni ya India mshahara. Ikasema pia jambo ambalo wengi hulisahau: watu hao walikuja kuhamisha ujuzi. Kwa hiyo hata kipimo kigumu zaidi cha mkataba wa Uingereza kilitimia. Rufaa ya kampuni haikupokelewa na Mahakama ya Juu mwaka huohuo.

Upande wa pili una hukumu zake. Mahakama Kuu ya Karnataka, 2020, katika shauri la Abbey Business Services, iliona kwamba walioazimwa walifanya kazi chini ya amri na usimamizi wa kampuni ya India, na fedha zilizorudishwa hazikuwa ada. Juni 2022, mahakama hiyohiyo ilitoa uamuzi wa Flipkart Internet, kuhusu wafanyakazi waliotoka Walmart ya Marekani. Flipkart ilikuwa imeomba mapema cheti cha kutokukata kodi chini ya kifungu cha 195(2), ikanyimwa, ikaenda mahakamani. Barua za uteuzi zilikuwa za Flipkart, walioazimwa waliripoti Flipkart, na Flipkart ilikuwa na mamlaka ya kusitisha ajira yao. Mahakama Kuu ya Delhi nayo, katika shauri la Boeing India, ilikubali kwamba palipokatwa kodi ya mshahara chini ya 192, kifungu cha 195 hakiingii. Hoja hiyo ina nguvu ya maandishi: kifungu cha 195(1) chenyewe kinasema kinahusu kiasi kingine chochote kinachotozwa kodi, kisichokuwa mapato ya mshahara. Bunge liliuweka mstari huo kwa makusudi.

Hoja ya walipakodi iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamkwa zaidi: kwamba ni marejesho ya gharama, hayana faida ndani yake, kwa hiyo hayana kodi. Haisimami. Ada ya huduma za kiufundi hutozwa kodi kwa jumla yake, bila kutoa gharama. Sheria haiulizi kama mtoa huduma alipata faida. Mtaalamu anayeuza huduma yake kwa bei ya gharama bado ameuza huduma. Centrica ilijibu hili bila kuzunguka, na ikakataa pia hoja ya jirani yake, kwamba fedha hizo zilikuwa za mfanyakazi tangu mwanzo na hazikuwahi kuwa za kampuni mama. Kutokuwepo kwa faida ni ushahidi mmoja kati ya mingi, unaosaidia kuonyesha kwamba kampuni mama ilikuwa mlipaji wa niaba. Anayelifanya kuwa ngome yake yote ataangushwa kwenye ngazi ya kwanza ya rufaa, na aliyekata tamaa ya kutafuta ushahidi mwingine kwa kulitegemea hilo atakuwa amepoteza muda ambao hauwezi kurudi, maana barua ya ajira ya mwaka 2022 haiandikwi mwaka 2026.

Upande wa mamlaka hoja dhaifu ni ile inayoegemea hukumu ya Northern Operating Systems. Mei 19, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuazimwa kwa wafanyakazi kutoka kampuni za nje za kundi kwenda kampuni hiyo ya Bengaluru kulikuwa ni usambazaji wa nguvukazi, na kwamba kampuni ya India ilipaswa kulipa kodi ya huduma kwa utaratibu wa mpokeaji kujilipia. Tangu siku hiyo maafisa wamekuwa wakiibandika hukumu hiyo kwenye kila jalada la kodi ya mapato. Lakini kodi ya huduma iliuliza kama kuna shughuli ambayo mtu mmoja anamfanyia mwingine kwa malipo. Kodi ya mapato inauliza mapato ni ya nani na ya aina gani, ina kifungu kinachotoa mshahara nje, na ina mikataba ya kimataifa iliyo juu ya sheria ya ndani pale inapompendelea mlipakodi. Mahakama ya Karnataka kwenye Flipkart ililiona hilo na kukataa kuihamisha hukumu hiyo. Hata wenye kodi yao wamerudi nyuma: Desemba 13, 2023, Bodi Kuu ya Kodi Zisizo za Moja kwa Moja na Forodha ilitoa Maelekezo Namba 05/2023 ikiwakataza maafisa wa kodi ya bidhaa na huduma, iliyochukua nafasi ya kodi ya huduma, kuitumia hukumu ile kama muhuri, na kuwataka wachunguze mkataba wa kila shauri. Kama bodi iliyoshinda kesi inasema hukumu haifai kutumiwa kwa jumla, idara jirani haina msingi wa kuitumia hivyo.

Hata hivyo mamlaka ina hoja nzito, na asiyeikabili hajalielewa shauri. Mtu aliyeazimwa kwa kawaida ana nafasi yake inayomsubiri kwao. Nyongeza yake ya mshahara inaamuliwa na kampuni mama. Hisa za motisha anazopata ni za kampuni mama. Mkataba ukivunjika anapanda ndege, hatafuti kazi mpya India. Ukiyajumlisha haya, kusema kwamba kampuni mama si mwajiri kunahitaji maelezo. Maelezo sahihi, kwa maoni yangu, ni kwamba ajira inaweza kulala upande mmoja na kuwa hai upande mwingine. Mtu anayebaki na haki ya kurudi si lazima awe kazini kwa yule atakayemrudia. Anayempangia kazi ya Jumatatu, anayepima matokeo yake, anayebeba hasara ya makosa yake na kufaidi tunda la kazi yake ndiye mwajiri wa kipindi hicho. Lakini maelezo haya yanafaa kwa meneja wa mauzo aliyekuja kuendesha kitengo cha kampuni ya India. Hayafai kwa mkaguzi wa viwango aliyekuja kuangalia kama kampuni ya India inafuata taratibu za kundi na kuripoti nje. Huyo anaifanyia kazi kampuni mama. Mahakama ya Juu ilishatenganisha aina hizi mbili kwenye shauri la Morgan Stanley mwaka 2007, ikasema kazi ya usimamizi wa maslahi ya kampuni mama si huduma kwa kampuni ya India. Kwa maana hiyo mshahara wa mtu wa namna hii haupaswi hata kurudishwa. Makampuni yanayourudisha yanajitafutia shauri kwa mikono yao.

Ukishindwa kwenye swali la mwajiri, bado upo mkataba wa kodi, na hapa nchi hazilingani. Mikataba ya India na Marekani, Uingereza na Singapuri inataka kitu cha ziada: mtoa huduma awe amemwachia mpokeaji ujuzi kiasi kwamba mpokeaji anaweza kuutumia mwenyewe baadaye bila yeye. Meneja wa fedha anayefunga hesabu kila mwezi hamwachii mtu kitu. Akiondoka, kampuni inahitaji meneja mwingine. Kwa hiyo kampuni ya Marekani ina ngome ya pili. Kampuni ya Ujerumani au Japani haina, kwa kuwa mikataba yao inatoza huduma za uongozi, ufundi na ushauri bila sharti hilo, kwa asilimia 10. Makampuni ya Ufaransa yalikuwa yakiazima sharti la Uingereza kupitia kipengele cha nchi inayopendelewa zaidi, yaani ahadi kwamba nafuu anayopewa mwingine nao wapewe; Oktoba 19, 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la Nestlé, ilisema kipengele hicho hakifanyi kazi chenyewe mpaka serikali ya India itoe tangazo rasmi. Wahasibu wengi wa makundi ya Ulaya bado wanatumia maoni ya kisheria yaliyoandikwa kabla ya tarehe hiyo. Yanapaswa kuwekwa kando.

Kuna pia tishio la kituo cha kudumu, yaani kampuni ya nje kuhesabiwa kuwa inafanya biashara yake ndani ya India, ambalo kwa maoni yangu linaogopwa kupita kiasi. Chini ya mkataba wa Uingereza, huduma zinazotolewa na watumishi kwa kampuni yenye uhusiano zikizidi siku 30 ndani ya miezi 12 zinaweza kuunda kituo cha kudumu. Kwa Marekani, huduma kwa kampuni yenye uhusiano hazina hata hesabu ya siku. Kampuni ya nje yenye kituo cha kudumu hutozwa asilimia 35, kabla ya tozo za ziada. Kiwango kinatisha, ila kinatozwa kwenye faida. Mapato milioni 10, mshahara milioni 10, faida haipo, labda afisa aongeze kiasi cha faida cha kibiashara juu yake. Mara nyingi mlipakodi anayepigana kufa na kupona kukana kituo cha kudumu anajisukuma kwenye ada ya huduma za kiufundi inayotozwa kwa jumla, ambayo ni mbaya zaidi kwake. Hesabu zote mbili zifanywe kabla ya kuchagua utetezi.

Kwenye karatasi, mambo yanaharibika mahali palepale karibu kila mara. La kwanza ni mkataba wa kuazima unaoandikwa na wanasheria wa makao makuu kwa kiolezo kimoja cha dunia nzima, chenye neno huduma kila aya, na kinachosema mfanyakazi atabaki mtumishi wa kampuni mama wakati wote. Mkataba unaofaa kwa India una pande tatu: kampuni mama inamwachia mfanyakazi kwa muda uliotajwa na kusimamisha mamlaka yake juu yake; kampuni ya India inamwajiri kwa barua yake, yenye cheo, mshahara, likizo, na haki ya kusitisha ajira, siyo kumrudisha tu; mfanyakazi anakubali kwa saini, na anapata haki ya kuidai kampuni ya India mshahara wake. Malipo ya kampuni mama yanaelezwa kuwa yanafanywa kwa niaba ya kampuni ya India. La pili ni viza. Viza ya ajira hutolewa kwa udhamini wa kampuni ya India na kwa kawaida hudai mshahara usiopungua rupia 1,625,000 kwa mwaka. Mkataba wa ajira uliopelekwa ubalozini ukionyesha kampuni mama kuwa mwajiri, afisa wa kodi ataupata. La tatu ni mfuko wa akiba wa wafanyakazi: kumwandikisha aliyeazimwa kama mfanyakazi wa kimataifa chini ya namba ya kampuni ya India ni gharama, asilimia 12 kila upande, lakini ni ushahidi ambao hauwezi kutungwa baadaye.

La nne ni hati ya madai. Hati moja ya mwaka mzima yenye mstari mmoja, gharama za wafanyakazi, dola laki tano, ni mwaliko wa ukaguzi. Hati iwe ya kila mwezi, jina kwa jina, ikiambatana na hati ya mshahara ya kila mtu kutoka orodha ya nje, ikitenganisha mshahara, michango ya hifadhi ya jamii, posho na thamani ya hisa. Kama kampuni mama inatoza ada ya uendeshaji ya asilimia 3 au 5, hiyo ni huduma kweli. Iandikwe kwenye ankara yake peke yake na ikatwe kodi ikistahili. Ikichanganywa na mshahara inaitia doa hati yote. Angalia pia kwamba kiasi kilichorudishwa kinalingana na mshahara ulioko kwenye Fomu 16. Mara nyingi hakilingani, kwa sababu mbili zisizo na ubaya: kiwango cha kubadili fedha, kwani mshahara hubadilishwa chini ya Kanuni ya 115 kwa kiwango cha benki ya State Bank of India cha siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, wakati benki inatumia kiwango cha siku ya malipo, na kodi ya kukadiria ambayo kampuni mama humkata mfanyakazi aliyeahidiwa kwamba mzigo wake wa kodi hautabadilika. Tofauti hizi ziwe na jedwali la usuluhishi lililotengenezwa mwaka huohuo. Likitengenezwa siku ya wito, halina uzito.

La tano linaumiza zaidi kwa kuwa kampuni inajishuhudia vibaya yenyewe. Kwenye Fomu 3CEB, taarifa ya miamala na makampuni yenye uhusiano, kitengo cha bei za ndani ya kundi kinaandika malipo haya kuwa huduma zilizopokelewa. Kitengo cha kodi ya bidhaa na huduma, kwa woga wa Northern Operating Systems, kinalipa asilimia 18 kwa utaratibu wa mpokeaji kujilipia na kudai unafuu wake mwezi huohuo, kikiyaita malipo hayo uingizaji wa huduma za nguvukazi. Kitengo cha kodi ya mapato kinasema ni mshahara. Afisa mmoja anafungua majalada matatu na kazi yake inakuwa rahisi. Kampuni inayolipa kodi ya bidhaa na huduma kwa tahadhari iandike barua ya kuonyesha kwamba inalipa kwa pingamizi, na ieleze kwenye Fomu 3CEB kwamba ni urejeshaji wa mshahara uliolipwa kwa niaba. Tangu Waraka Namba 210 wa Juni 26, 2024, ambao unaruhusu thamani ya huduma kutoka kampuni yenye uhusiano kuchukuliwa kuwa sifuri pale mpokeaji anapostahili unafuu kamili na hakutoa ankara, hata ulazima wa tahadhari hiyo umepungua. Mahakama Kuu ya Delhi iliutumia waraka huo kwenye shauri la Metal One mwaka 2024.

Linalobaki ni kwa Bodi Kuu ya Kodi za Moja kwa Moja. Wenzao wa kodi zisizo za moja kwa moja walihitaji miezi 19 baada ya hukumu kutoa maelekezo. Hawa, miaka zaidi ya kumi baada ya Centrica, hawajatoa mstari ulio wazi, na sheria nzima imeandikwa upya bila kuligusa jambo hili. Waraka mfupi ungetosha: palipo na kodi ya mshahara iliyokatwa kwa mshahara wote, barua ya ajira ya kampuni ya India, urejeshaji wa gharama halisi isiyo na nyongeza, na hakuna ada ya uendeshaji iliyofichwa, malipo kwa kampuni mama yasidaiwe kodi ya zuio. Serikali haipotezi kitu. Inapata karibu asilimia 29 kutoka kwa mfanyakazi na inaruhusu punguzo linalopunguza kodi ya kampuni kwa karibu asilimia 25. Kinachopotea kwa kukosekana kwa waraka ni miaka ya maafisa, mawakili na majaji.

Kabla waraka huo haujatoka, kampuni yenye walioazimwa ina njia mbili tu zenye akili. Ya kwanza ni kuhamishia malipo yote kwenye orodha ya mishahara ya India, ikalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mfanyakazi ya nje kiasi anachohitaji kwao, na kuiachia kampuni mama michango ya hifadhi ya jamii peke yake. Hapo kiasi kinachorudishwa kinakuwa kidogo na ubishi unakosa chakula. Ya pili, pale ambapo hilo haliwezekani, ni kuomba uamuzi chini ya masharti yaliyokuwa kifungu cha 195(2), au kampuni mama kuomba cheti chini ya yaliyokuwa kifungu cha 197, ikiwa na namba ya mlipakodi ya India, cheti cha ukaazi wa kikodi wa nchi yake na Fomu 10F. Bila hivyo, kampuni inajaza sehemu ya D ya Fomu 15CA, fomu ya malipo yanayokwenda nje, ikitamka yenyewe kwamba kiasi hakitozwi kodi, na mzigo wote wa tamko hilo unabaki kwake. Uamuzi wa namna hiyo ni wa muda, haufungi mikono ya afisa atakayekagua ritani ya kampuni mama, lakini unaikinga kampuni ya India dhidi ya riba, faini na kukataliwa gharama. Maombi yapelekwe kabla mfanyakazi hajatua, kwa kuwa hayachukui wiki moja wala mbili, na cheti hakirudi nyuma kufunika malipo yaliyokwisha kutoka.